Kochi la Ng'washi

Kochi la Ng'washi lilikwama kati ya mawe mawili. Odera, aliyekuwa amelishika kwa nyuma, akabaki upande wa chini wa mlima, haoni mbele, shavu limebanwa kwenye kitambaa chenye maua mekundu.

"Inua kulia!" mke wake Agutu alisema kutoka juu.

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia kwa kochi!"

"Kochi lina kulia?"

Ng'washi mwenyewe alikuwa amesimama juu ya jiwe, kanga kiunoni, anaongoza kwa mikono miwili kama trafiki. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kidogo, jirani yao wa hatua ishirini kushuka. "Polepole na huo mguu wa nyuma," alisema. "Ukiuvunja, Baba Favour, nitakuchukua wewe nikukalie."

Walicheka, kochi likateleza, likapita. Lilikuwa la watu watatu, na katika mlima ule wa Ilemela, ambako nyumba zimebanana na majabali kama meno mdomoni, kochi zima la watu watatu lilijulikana kwa jina la mwenye nalo.

Sababu ya kulihamisha ilikuwa kwenye simu ya Agutu. Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi ile: *Afisa wa mradi wa nyumba za bei nafuu atafika kwako kesho saa nne asubuhi kufanya tathmini ya makazi.* Maghorofa yenyewe yalikuwa Buhongwa, na Odera aliyajua vizuri kuliko afisa yeyote. Miezi saba alikuwa kibarua pale, fundi lipu, amepiga kuta za vyumba vingi mpaka akaacha kuhesabu.

Agutu aliusoma ule ujumbe mara moja tu. Alichoona ni neno *atafika*. Kwao Shirati, mgeni akishasema anakuja, hata kama anakuja kukudai, hakalishwi kwenye ndoo. Kijiji kizima kinachangia. Huyu analeta kiti, yule vikombe, mwingine hata jogoo, na mgeni anaondoka hajui kipi cha nani. Kwa hiyo zulia likatoka kwenye kwaya ya kanisa, televisheni ikatoka kwa Dorcas wa chini kule, na kochi likatoka kwa Ng'washi.

"Mama," binti yao Favour alisema. Alikuwa kidato cha pili na siku hizo alikuwa na maoni. "Si wanataka kuona tunavyoishi?"

"Ndiyo. Waone tunaishi kama watu. Nani anampa nyumba mtu anayeonekana hawezi hata kulipa kodi ya mwezi mmoja?"

Odera alifikiri kidogo, akaona mke wake ana hoja. Hata yeye, akienda kuomba kazi, huwa anavaa ile suruali nzuri.

Walilisukuma kochi mpaka ukuta wa nyuma. Nyuma ya ukuta ule lilikaa jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe, na tangu masika lilikuwa linaegemea ndani polepole. Ufa ulianzia sakafuni. Odera alikuwa anachora mstari wa mkaa pale ufa unapoishia. Mvua ikinyesha, ufa unaupita mstari, anachora mwingine. Mistari ilikuwa imefika minne. Serikali ya mtaa ilishasema walio chini ya mawe wawe wameondoka kabla ya vuli. Waende wapi, hilo haikusema.

Kochi liliifunika mistari yote minne vizuri kabisa.

* * *

Afisa aliitwa Kashindye, kijana wa kilo nyingi ambaye mlima ule ulikuwa unamtesa. Alianza kwa Ng'washi, ambaye naye alikuwa ameomba nyumba kama wao, kwa kuwa ndiye wa chini.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka, mwanangu. Ingia, ila kukaa ni pale kwenye mkeka."

Kashindye aliangalia chumba. Mkeka, jiko la mkaa, sanduku la nguo, ukuta. Akagusagusa tableti yake, akapiga picha, akaandika *uhitaji mkubwa sana*, na moyoni akamwonea huruma. Habari za kochi Ng'washi hakuzitaja. Hakuulizwa.

Kwa Agutu alipokelewa na chai ya maziwa na sato mzima wa kukaanga. Agutu ndiyo kazi yake, anakaanga samaki barabarani, na yule hakuwa samaki wa kuuza. Kashindye alizama kwenye kochi, akashusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa ameingia vyumba kumi, na hapa ndipo mahali pa kwanza alipopata kuegemea.

"Kochi lipo," alisema, anagusa tableti. "Televisheni ipo. Zulia lipo. Mnaishi vizuri, mama."

"Tunajitahidi, baba," Agutu alisema, na uso wake ukang'aa kwelikweli. "Ongeza chai."

Picha ilipigwa familia nzima imekaa. Odera aliweka mkono juu ya mgongo wa kochi kama mtu aliyelinunua mwenyewe.

* * *

Orodha ilibandikwa ofisi ya kata Jumatatu. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ukuta, wengine wanasoma, wengine wanasomewa, na wengine wamekuja kubishana tu.

"Bei nafuu, nafuu kwa nani?" mzee mmoja mwenye koti alikuwa anauliza kila anayefika. "Pesa ile ya kianzio mimi nikiwa nayo, nitahangaika na ghorofa? Si nitajenga!"

"Ujenge wapi, mzee? Juu ya jiwe?"

"Bora jiwe langu. Ghorofani ukipika dagaa, jirani anaita mwenyekiti."

Odera alikuja na lipu bado miguuni. Alifuata herufi kwa kidole. Jina la Ng'washi lilikuwepo, namba kumi na tisa, amekubaliwa. La kwake alilikuta kwenye karatasi ya pili, ile ambayo hakuna aliyekuwa anaisogelea. Mbele yake kulikuwa na kisanduku cha sababu. *Makazi ya sasa yanaridhisha.*

"Vipi fundi?" mzee wa koti aliuliza. "Umepata?"

"Yanaridhisha," Odera alisema.

"Hongera sana."

Nyumbani hakufoka. Ingekuwa heri angefoka, Agutu angejibu na jambo lingekwisha. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pale kochi lilipokuwa limesimama, akaangalia ukuta.

"Nimepiga lipu jengo C lote," alisema. "Najua mpaka pale nilipokosea. Sasa naambiwa mimi hapa pananitosha."

"Ni mimi," Agutu alisema.

"Ni sisi. Mimi si nililibeba?"

"Nilisema mimi," Favour alianza.

"Favour, kalete maji."

Jioni ile mvua ilinyesha robo saa, mvua ya kupita tu. Ilipokata, Odera alichukua kipande cha mkaa, akapiga magoti, akachora mstari wa tano. Wadogo wawili wa Favour walimwangalia. Waliona kama mchezo, kila mmoja akataka achore yeye.

* * *

"Mama, mimi sikukatai," alisema Bi Wilhelmina, mkuu wa ofisi ya mradi. Alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, na kwenye foleni nje kulikuwa na watu wengine thelathini wenye machozi yao. "Picha ndiyo inakukataa."

Akageuza kompyuta. Agutu akajiona kwenye kochi, anacheka, nywele amesuka upya. Hakuwahi kupigwa picha nzuri kama ile maishani mwake.

"Vya kuazima hivyo, madam. Vyote."

"Kila mtu anasema vya kuazima. Juzi kuna baba ameniambia hata gari mlangoni ni la kuazima."

"Vyangu ni vya kuazima kweli."

Watu wawili kwenye benchi wakacheka. Agutu alisikia masikio yanapata moto. Kukosa vitu ni jambo moja. Hili lilikuwa lingine, kusimama mbele ya watu ukiomba uaminiwe kwamba huna.

"Uliazima ili iweje?" Wilhelmina aliuliza, na hakuwa anakejeli, alitaka kujua.

"Nilikuwa na mgeni."

Wilhelmina alivaa miwani, akaivua tena. "Leta wenye vitu," alisema. "Kila mmoja aje mwenyewe aseme hiki changu, aweke sahihi. Mwisho Ijumaa saa sita."

Dorcas alikubali hapohapo, akasema na risiti ya televisheni anayo. Mwalimu wa kwaya alikubali. Agutu alipoushika mlango wa Ng'washi, mkono wake ulikataa kugonga. Alikuwa ameshaelewa njiani. Chumba cha Ng'washi kilipita kwa sababu kilikuwa kitupu, na kilikuwa kitupu kwa sababu kochi lilikuwa kwake. Ng'washi akisema kochi ni lake, atakuwa anafuta jina lake kwa mkono wake.

"Ingia, sauti ya kandambili zako naijua," Ng'washi alisema kutoka ndani.

"Shikamoo, Mama Maige."

"Marahaba. Kaa."

Agutu alikaa kwenye kochi, pembeni kabisa, kama linaweza kumuunguza. Walizungumza habari za mvua. Walizungumza habari za Maige, mwana wa Ng'washi, aliyekwenda Geita machimboni na sasa ni mwaka wa nne anapiga simu ya kuomba tu. Mwisho Agutu akasema, hakuomba, alieleza tu, mpaka ile habari ya sahihi.

Ng'washi alifuta vumbi lisilokuwepo kwenye mkono wa kochi.

"Namba kumi na tisa," alisema. "Nilimwomba mtoto wa shule anisomee mara tatu. Unajua nimewahi kuwa namba kumi na tisa ya kitu gani? Ya foleni ya maji."

"Najua, Mama Maige."

"Hujui. Wewe una mume fundi. Mimi jiwe likishuka, atakayeuliza ni mwenye nyumba, anayetaka kodi."

"Sijaja kukuomba."

"Umekuja kufanya nini basi? Kuliaga kochi?"

Agutu akasimama. "Nimekuja ili usije ukasikia kwa mtu mwingine."

Alipanda zile hatua ishirini hajui anakanyaga wapi. Odera alimuuliza kwa macho. Akatikisa kichwa.

"Ningekuwa mimi, nisingekubali," Odera alisema.

"Hata mimi."

* * *

Ijumaa saa tano na nusu Agutu alikuwa mbele ya meza. Dorcas alishaweka sahihi, mwalimu wa kwaya alishaweka sahihi na akaomba zulia lisitajwe kwa mchungaji.

"Na kochi?" Wilhelmina aliuliza.

"La kuazima."

"La nani?"

"La mtu."

"Mtu ana jina, mama. Kochi ndilo lenye alama nyingi kwenye fomu. Bila kochi hizi sahihi mbili hazikusaidii."

"La mtu, madam. Siwezi kumtaja."

"Humtaji kwa nini?"

Agutu aliangalia mikono yake, ile mikono ya kukaanga, yenye madoa ya mafuta mpaka kwenye viwiko. "Kwa sababu aliniazima kwa wema," alisema. "Basi. Asante kwa muda wako, madam."

Alishageuka. Mlangoni kelele zikaanza, walinzi wanamwambia mtu asukumane kwa adabu, na mtu huyo anawaambia adabu yeye kaanza kufundishwa kabla mama zao hawajazaliwa. Foleni ikapasuka. Akaingia Ng'washi, na kichwani alikuwa amebeba mto wa kochi, mkubwa, wenye maua mekundu.

Aliuweka mezani juu ya mafaili.

"Linganisha na picha," alisema. Alikuwa anahema. "Hiyo mishono ya pembeni nilishona mwenyewe, uzi uliniishia nikamalizia na wa bluu. Upo kwenye picha hiyo uzi wa bluu?"

Wilhelmina akavuta picha, akaikuza. Uzi wa bluu ulikuwepo.

"Mama Maige," Agutu alisema taratibu.

"Nyamaza. Sikuja kwa ajili yako. Siku tatu hizi nalikalia kochi langu kama nimelala kwenye miiba. Kochi lenyewe ndilo kitanda changu, na mimi usingizi naupenda."

Wilhelmina alinyanyua kichwa. "Unasema unalala kwenye kochi?"

"Sasa nilale wapi, dari haina nafasi."

"Na siku ulipoliazimisha?"

"Kwenye mkeka. Usiku mmoja tu, nani anakufa kwa mkeka?"

Hakuna aliyecheka kwenye benchi. Wilhelmina aliandika, akafuta, akaandika tena. "Nyinyi wawili," alisema, "nitawarudishia afisa. Na safari hii hatatuma ujumbe."

* * *

Alikuja Jumanne mchana. Agutu alisikia mtu anahema nje, akachungulia, akamuona Kashindye ameshika jiwe kama anataka kulikopa pumzi.

Mwili mzima wa Agutu ulitaka kukimbia kwa Dorcas. Angalau vikombe. Angalau kigoda. Sauti ya mama yake, marehemu, ilikuwa inamuuliza kwa Kijaluo mgeni anakaa wapi. Akachukua ndoo ya maji, akamwaga yaliyobaki, akaigeuza, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Karibu, baba. Kaa hapa."

Kashindye akakaa. Ndoo ikalia. Agutu akamletea chai ya rangi kwenye kikombe kisicho na mkono, na alipompa hakuweza kumwangalia usoni. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kwao. Baada ya hapo ndipo alipoona ukuta.

"Hii mistari?"

"Baba Favour ndiye anachora. Ufa ukipita."

"Huu wa juu wa lini?"

"Jana."

Kashindye aliinuka, akaweka kidole kwenye ufa. Kidole kikaingia chote. Alikitoa haraka. Siku ile alipokula sato, mgongo wake ulikuwa hapohapo. Alipiga picha ya kila mstari, yote sita, halafu akamalizia chai yake yote, hata majani ya chini.

Kwa Ng'washi alisimama mlangoni na tableti yake akakwama.

"Mayu, fomu ina kochi na ina kitanda. Nikuandikie lipi?"

"Mchana kochi, usiku kitanda."

"Inakubali kimoja tu."

"Basi hiyo fomu yako haijawahi kulala uswahilini."

* * *

Orodha ya mwisho ilitoka. Odera alikuwa namba sitini na tatu. Ng'washi alikuwa ametolewa kwenye kumi na tisa, akawekwa karatasi ya akiba, namba ya pili.

"Akiba ya pili," Ng'washi alisema, akikunja kanga. "Si mbaya. Wakitokea wawili wanaoogopa ngazi, nimeingia."

Alisema hivyo mbele ya watu. Alipofika nyumbani alifunga mlango mchana kweupe, na Agutu kule juu hakusikia hata sufuria ikigongwa.

Wiki ya kuhama mvua zilikuwa zimeanza kujipanga ng'ambo ya ziwa, nyeusi. Odera alikuja na vijana wawili na kamba. Mizigo yao ilikwisha kwa safari mbili. Safari ya tatu hakupanda kwake, aliishia kwa Ng'washi, akasimama mlangoni.

"Toka kwenye hicho kiti, mama, tunakihitaji."

"Unakihitaji cha nini? Umepata mgeni?"

"Nimepata sebule," Odera alisema. "Haina kitu. Mke wangu amesema hahami mpaka kochi litangulie. Na mwenye kochi."

"Mimi niko akiba."

"Basi tunakuweka akiba kwetu."

Ng'washi alimwangalia, akamwangalia Agutu aliyekuwa nyuma yake. Alijifuta pua kwa kanga. "Huo mguu wa nyuma," alisema mwishowe, "nilishakuambia uushike polepole."

Lilikwama tena, chini zaidi, kati ya mawe mawili mengine. Safari hii Agutu alikuwa chini na Odera juu, na walibishana kulia ni wapi.

Kashindye alikuwa Buhongwa anagawa funguo na kukagua kinachoingia. Jengo lilikuwa C. Odera alikuwa ameshaingia ndani, anapapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Kona hii niliharakisha," alimwambia Favour. "Mvua ilikuwa inakuja."

Kochi likapita mlangoni. Kashindye akaona maua mekundu, akasimamisha kalamu.

"Mama, hili kochi si ndilo lile?"

"Ndilo," Agutu alisema.

"La kuazima tena?"

"Hapana. Safari hii limekuja na mwenye nalo."

Kutoka kwenye ngazi ilisikika sauti ya Ng'washi, anapumzika kila ghorofa na kuitukana kila ngazi kwa Kisukuma. Akatokea na mto kichwani, akapita mbele ya afisa bila kumsalimia, akauweka mahali pake, akakaa. Akaegemea ule ukuta mpya. Halafu akageuka, akaukagua kutoka sakafuni mpaka juu, taratibu, anatafuta mstari.

Haukuwepo.

"Haya," alimwambia Kashindye. "Andika kochi. Bado ni mchana."